Silaha Yenye Mtu Ndani

Roboti kubwa za vita katika katuni za Kijapani hazijiendei zenyewe. Karibu kila moja ina rubani aliyeketi kifuani au kichwani mwake, au kuna mtu pembeni aliyeshika rimoti. Rubani akikunja ngumi, ngumi ya chuma nayo inakunjwa. Akighadhibika, ghadhabu yake inapata kimo cha mita 18, ambacho ndicho kimo cha Mazinger Z na cha Gundam, roboti mbili zenye jina kubwa kuliko wenzao. Hapo ndipo linapozuka swali la kale la dini na falsafa: ikiwa mwili unaoua si mwili wa mwenye kuua, dhambi ni ya nani? Ya fundi aliyeunda, ya aliyetuma, ya aliyeketi ndani, au ya chombo chenyewe? Wanyaturu na Wanyiramba wa mkoa wa Singida walisumbuliwa na swali hili kabla katuni hizo hazijachorwa, na kwao lilikuja pamoja na maiti za jirani zao.

Asili ya roboti hizi ni vita. Mwaka 1956 mchoraji Mitsuteru Yokoyama alianza kuchapisha hadithi ya Tetsujin 28, roboti ambayo katika hadithi hiyo ilibuniwa iwe silaha ya jeshi la Japani katika Vita Kuu ya Pili. Vita viliisha, silaha ikabaki, nayo ikaangukia mikononi mwa mvulana aitwaye Shotaro Kaneda. Mvulana huiongoza kwa rimoti. Tetsujin haina rafiki wala adui: rimoti ikiibwa, inamtii mwizi kwa utiifu uleule iliomtii mtoto. Mwaka 1972 Go Nagai alimwingiza mtu ndani ya mashine. Katika Mazinger Z, kijana Koji Kabuto anatua na chombo kidogo juu ya kichwa cha roboti, na kuanzia hapo mwili ule ni wake. Babu yake, aliyeiunda, anamwachia pamoja nayo onyo kwamba kwa nguvu hiyo anaweza kuwa mungu au shetani, shauri lake. Silaha maarufu ya Mazinger ni ngumi inayofyatuka kutoka mkononi na kuruka kama kombora, huku Koji akiita jina lake kwa sauti. Ukelele huo una maana kubwa kuliko watazamaji wengi wanavyodhani: anayetaja silaha yake kabla ya kuirusha hawezi baadaye kudai kwamba ilimponyoka.

Mwaka 1979 Yoshiyuki Tomino aliibadili hadithi kwa kuondoa mashetani. Katika Gundam, adui ni watu wenye wazazi na wachumba, roboti zinatengenezwa viwandani kama vifaru, na rubani Amuro Ray ni kijana wa miaka 15 aliyejikuta vitani. Kisha mwaka 1995 Hideaki Anno alitoa Evangelion, ambamo kinachodhaniwa kuwa mashine ni kiumbe hai kilichofungwa ndani ya deraya, na rubani wake Shinji Ikari ana miaka 14.

Magemu yaliyotokana na katuni hizi yalilazimika kuamua jambo ambalo katuni ingeweza kuliacha wazi. Mfululizo wa Super Robot Wars, ulioanzishwa na kampuni ya Banpresto mwaka 1991, unazikusanya roboti za hadithi mbalimbali katika uwanja mmoja wa miraba, ambapo mchezaji anazisogeza kwa zamu kama kete. Gemu la kwanza, la mashine ya Game Boy, lilizipa roboti utashi wake zenyewe. Hazikuwa na marubani hata kidogo. Gemu la pili, lililotoka mwaka huohuo, likawarudisha marubani vitini. Katika mengi yaliyofuata, kila rubani huanza vita na kipimo cha ari cha 100. Adui akianguka, ari inapanda, na silaha nzito kabisa hazifunguki mpaka ipande vya kutosha. Kwa maneno mengine, waundaji wa gemu waliona kwamba roboti bila moyo wa mtu ndani yake haitoshi hata kwa mchezo. Silaha hailipuki mpaka mtu awe na ghadhabu ya kuilipua.

Singida ilikuwa na silaha za namna hiyo, na masimulizi yake ni ya aina mbili zinazotofautiana sana.

Aina ya kwanza inasimuliwa kwa fahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanamke wa Kinyaturu aitwaye Liti aliupinga utawala wa Wajerumani, na inasimuliwa kwamba jeshi lake lilikuwa nyuki. Aliwaamuru, wakawashukia askari. Uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, leo unabeba jina lake. Katika nchi ya mizinga, ambako asali ya Manyoni na Itigi inauzwa hadi mbali, hakuna anayehitaji kuelezwa nyuki waliochokozwa wanaweza kufanya nini. Hakuna pia anayeuliza kama nyuki wale walitenda dhambi. Sifa yote ni ya Liti, na kama kuna lawama nayo ni yake. Nyuki hakuchagua, na akishachoma hufa.

Aina ya pili inasimuliwa kwa sauti ya chini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tena katikati ya miaka ya 1940, watu waliuawa katika vijiji vya Singida na miili yao ikakutwa imeraruliwa kama kwamba wameshambuliwa na simba. Wengi waliamini kwamba wauaji walikuwa watu simba, ambao kwa Kinyaturu huitwa mbojo. Juu ya asili yao maelezo hayakukubaliana. Wapo waliosema ni simba wa kweli walioamriwa na wachawi. Wapo waliosema ni binadamu waliogeuzwa simba. Maelezo ya tatu, yaliyowashughulisha zaidi maofisa wa Kiingereza, yalisema ni vijana walioibwa au waliopungukiwa akili, wakafugwa mafichoni, wakavishwa ngozi ya simba na kupewa visu vya kuiga makucha. Mbojo alikuwa na mmiliki. Mtu mwenye kisasi alisemekana kumwendea mmiliki huyo, akalipa, na simba akatumwa. Watu walikamatwa, wakashtakiwa kwa mauaji, na baadhi yao wakanyongwa. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi na kufanya utafiti Unyaturu, aliyarudia mambo haya mwaka 1962 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na baadaye akayahusisha na ugomvi kati ya wanaume na wanawake katika jamii hiyo.

Muundo wa mbojo unafanana na wa Tetsujin kwa kila kiungo: mwili wenye nguvu kuliko za kawaida, mmiliki aliye mbali, amri, na utiifu usiochagua bwana. Tofauti ni moja, nayo ndiyo inayouma. Ndani ya ngozi ile, kama maelezo ya tatu ni ya kweli, alikuwamo mtoto wa mtu.

Dini zinazofuatwa Singida zimeshughulika na muundo huu kwa muda mrefu. Kitabu cha Pili cha Samweli kinaeleza jinsi mfalme Daudi alivyomtaka mke wa Uria, akaandika barua kwa jemadari wake Yoabu ili Uria awekwe mahali penye mapigano makali kisha aachwe peke yake. Barua hiyo aliibeba Uria mwenyewe. Waliomuua ni Waamoni, katika vita halali, na Daudi alikuwa nyumbani kwake Yerusalemu. Nabii Nathani alipomjia hakumlaumu Yoabu wala Waamoni. Alimwambia mfalme kwamba muuaji ni yeye, na upanga wa Waamoni ulikuwa chombo chake. Katika Kutoka sura ya 21 kuna hukumu iliyo karibu zaidi na maisha ya wafugaji. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, mwenyewe akaonywa na asimfunge, basi mwenyewe naye anastahili kufa. Hatia ya mmiliki inapimwa kwa alichokijua na alichoweza kukizuia.

Fiqhi ya Kiislamu inakwenda ndani zaidi, hasa katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Wanazuoni wake wanatenganisha hali mbili. Mtu akimwamuru mtoto asiyepambanua mambo, au mwendawazimu, amuue mtu mwingine, kisasi kinamwangukia aliyeamuru peke yake, kwa kuwa mtoto yule ni kama chombo mkononi mwake. Lakini akimlazimisha mtu mzima mwenye akili kwa vitisho, na huyo akaua, rai yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba wote wawili wanastahili kisasi: aliyelazimisha na aliyelazimishwa. Uhai wa mtu hauwi fidia ya uhai wa mwingine, na anayeua ili asiuawe ameichagua nafsi yake juu ya nafsi isiyo na kosa.

Ukiyaweka maelezo ya mbojo kwenye mizani hiyo, jibu linategemea nani alikuwa ndani ya ngozi. Kijana aliyepungukiwa akili tangu kuzaliwa, akafugwa, ni chombo. Hatia yote ni ya bwana wake. Mtu mzima aliyekubali ujira ni muuaji sawa na aliyemlipa. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika hali hii ya pili hatia haigawanywi nusu kwa nusu. Kila mmoja anabeba mauaji kamili. Watu hupenda kuamini kwamba kadiri mnyororo wa amri unavyorefuka ndivyo mzigo unavyopungua kwa kila aliyeushika. Nathani na mafakihi wa Shafi wanaikataa hesabu hiyo, na ni vigumu kuona wamekosea wapi.

Sheria ya nchi iko upande wao. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 22, inamhesabu aliyeshawishi au aliyesababisha kosa litendeke kuwa ni mtenda kosa, na hata anayemtumia mwingine kutenda jambo ambalo lingekuwa kosa kama angelitenda yeye anahukumiwa kama aliyelitenda. Hata hivyo sheria inadai kitu ambacho imani haikidai: kiungo kinachoonekana. Barua ya Daudi ilikuwepo na Yoabu aliisoma. Rimoti ya Tetsujin inashikika. Lakini mzee anayesemekana kumtuma simba kwa uchawi hana waya wala barua, na ndiyo sababu maelezo mawili ya kwanza ya watu simba yalikuwa ya hatari kubwa. Simba wala watu ni wanyama wa kweli. Huko Njombe, katika miaka ya 1930 na 1940, kundi la simba lilivisumbua vijiji kwa miaka mingi huku wanakijiji wakiamini kwamba linaongozwa na mganga, mpaka George Rushby, ofisa wa wanyamapori, alipowasaka na kuwapiga risasi. Anapotafutwa mwenye rimoti mahali ambapo rimoti haipo, atakayepatikana ni yule asiye na mtetezi. Mauaji ya vikongwe yaliyoitia doa Tanzania, ya akina mama wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, yametokana na hoja hiyohiyo: kuna kifo, lazima kuna aliyekituma. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilijaribu kuingia katikati, ikawaadhibu wanaojidai kuwa na nguvu hizo pamoja na wanaowasingizia wengine kuwa nazo. Hitaji la kumpata aliyetuma ni hitaji halali la haki, lakini lisipofungwa na ushahidi linageuka kuwa silaha nyingine.

Silaha za leo zimekifanya kiungo kile kisionekane tena, safari hii kwa hesabu za kompyuta. Ndege isiyo na rubani inayoongozwa na mtu kutoka bara jingine bado ina rimoti, na mshika rimoti ana jina na cheo. Silaha inayomtafuta, kumchagua na kumuua mtu kwa programu iliyoandikwa miaka iliyopita ina waandishi wengi, wanunuzi, makamanda, na wala hakuna mmoja aliyetamka jina la aliyekufa. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu silaha za namna hii, na Juni 2024 Papa Fransisko aliwaambia viongozi wa G7 nchini Italia kwamba mashine isiachiwe kamwe kuamua kumtoa binadamu uhai. Hukumu ya ng'ombe mpiga pembe inafaa hapa kuliko inavyotarajiwa. Anayekijua chombo chake, akaonywa, na asikifunge, hawezi kujificha nyuma ya pembe zake, hata kama hakuwepo siku ile.

Mchezaji wa gemu ana hesabu yake. Katika vibanda vya gemu vya miji ya Tanzania, ambako vijana hulipia muda na kupokezana pedi, mpira ndio mchezo unaotawala, lakini vita navyo vina wateja wake. Pedi inatetemeka mkononi roboti inapopigwa. Je, kuna dhambi? Hakuna aliyekufa, na hilo si jambo dogo; mafunzo ya Uislamu yanayoyafungamanisha matendo na nia hayamhukumu mtu kwa kuua asichokiua, wala kete iliyoliwa kwenye bao haina mfiwa. Lakini Injili ya Mathayo inaipeleka amri ya kutoua mpaka kwenye hasira ya moyoni, na hapo suala la gemu haliishi kwa kusema ni mchezo tu. Kinachostahili kuangaliwa ni kiti ambacho gemu linamzoeza mtu kukikalia. Gemu linaloonyesha adui kama nukta linamfundisha mchezaji kukaa mahali pa Daudi, nyumbani mbali na mapigano. Super Robot Wars, pamoja na uchanga wake wote, ina ubora ambao michezo mingi ya vita haina: rubani wa adui ana sura na sauti, anazungumza kabla ya kuanguka, na mara nyingine anaweza kushawishiwa ahame upande. Mchezaji analazimika kujua kwamba ndani ya kile chuma yumo mtu.

Aliyemo ndani ndiye mwisho wa swali na sehemu yake nzito. Katika sehemu ya 18 ya Evangelion, iliyoonyeshwa mwaka 1996, roboti mojawapo inatekwa na adui huku rubani wake mtoto akiwa amekwama ndani. Shinji anaamriwa aiangamize. Anakataa, kwa sababu kuna mtu mle, na anasema heri afe yeye. Baba yake, Gendo Ikari, ambaye ndiye mkuu wa shirika linalozimiliki roboti hizo, habishani naye. Anaagiza mawasiliano kati ya kijana na roboti yakatwe na mahali pake pawekwe mfumo unaoiga akili ya rubani. Taa za chumba cha Shinji zinabadilika. Anavuta mikono ya kuongozea na hakuna kinachoitika. Mwili aliomo, ambao mpaka dakika ile ulikuwa kama mwili wake, unamkaba mwenzake, unamrarua kiungo kwa kiungo, kisha unakishika kile chumba kidogo chenye rubani na kukifinya kiganjani, huku Shinji akipiga kelele kwamba uache. Rubani yule anapona, akiwa amepoteza mguu, na ni baadaye tu Shinji anapofahamu kwamba alikuwa rafiki yake Toji.

Kwa fiqhi na kwa Kanuni ya Adhabu, Shinji hana hatia yoyote. Alikataa, na mkono haukuwa wake tena. Hata hivyo hadithi inamwonyesha akiwa amevunjika kama mtu aliyeua. Kuna jeraha linalompata aliyefanywa chombo ambalo hakimu hawezi kuliondoa kwa kumwachia huru, kwa sababu halikutokana na hukumu. Masimulizi ya Singida yanataja wamiliki, wateja na waliouawa. Juu ya vijana waliofugwa ndani ya ngozi, yaani kama waliwahi kurudishwa kwa mama zao na walipokelewaje, hayasemi kitu cha kutosha, na upungufu huo unasikitisha kuliko yote yaliyomo.

Afrika Mashariki na jirani zake wameliona jambo hilo likifikishwa mbele ya majaji katika karne hii. Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, mashariki ya Kongo, kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Akapewa miaka 14. Huyo alikuwa mmiliki. Dominic Ongwen wa Uganda alikuwa ndani ya ngozi kwanza. Alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akafundishwa kuua, akakua humohumo mpaka akawa kamanda anayeteka watoto wa wengine. Mawakili wake walisema huyu ni mhanga aliyetengenezwa. Februari 2021 mahakama ilimkuta na hatia katika mashtaka 61, ikieleza kwamba alihukumiwa kwa aliyoyatenda akiwa mtu mzima mwenye akili na uwezo wa kuchagua. Mei mwaka huohuo ilimpa kifungo cha miaka 25 badala ya maisha, na kutekwa kwake utotoni kukawa sababu kuu ya kutompa kifungo cha maisha. Rufaa yake ilikataliwa Desemba 2022, hatia na adhabu zote mbili zikabaki kama zilivyokuwa.